Mara ya Tatu, Imekwenda

"Mapazia, mapazia! Ya sebuleni, ya chumbani, ya kuwaficha wapendanao! Dada, jirani anaona mpaka mboga unayokula, njoo ufunike dirisha!"

Sauti hiyo ilitoka kwenye kipaza sauti mbele ya duka la mapazia, ikavuka barabara iliyojaa watu na magari, ikamkuta kijana mmoja kwenye mgahawa wa chai, kompyuta mbele yake, uso umemshuka. Chai yake ilikuwa imepoa zamani. Ndiyo kwanza alikuwa amepokea barua pepe ikimwarifu kwamba programu yake ya simu, kazi ya karibu mwaka mzima, imekataliwa na Duka.

Duka hilo halina mlango wala kaunta. Ni lile soko lililomo ndani ya simu, ambamo watu hupakua programu zao, na hakuna kinachoingia humo mpaka wakaguzi wake waridhike. Wakaguzi hao hawana sura, hawana jina, hawapigiwi simu. Wana adabu tu. "Tunakushukuru kwa kuwasilisha kazi yako," huandika, kisha wanakuchinja taratibu. Kijana alikuwa ameacha kazi ya kuajiriwa, yenye kiti cha kuzunguka na bosi wa kulalamikiwa, ili awe fundi wa kujitegemea. Sasa alijitegemea hasa, maana hata wa kugombana naye hakuwa naye.

Akaamua kugombana na kipaza sauti. Akavuka barabara.

"Samahani, dada. Punguza sauti kidogo."

Msichana alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Alivaa gauni la kijani lenye maua makubwa meupe, limemkaa kiunoni kama limezaliwa naye, na nyuma yake lilining'inia pazia la kijani lenye maua makubwa meupe.

"Wewe ni mteja?"

"Hapana."

"Ungekuwa mteja ningekupunguzia bei. Sauti hata mteja simpunguzii."

"Gauni lako na pazia lile..."

"Ni ndugu. Kipande kilibaki, nikashona. Una neno?"

"Sina. Ila sijawahi kutukanwa na dirisha."

Msichana alicheka, akasahau kuzima kipaza sauti, na barabara nzima ikageuka kuangalia kicheko kinatoka wapi.

"Kaka, unafanya kazi gani hiyo isiyotaka kelele?"

"Natengeneza programu za simu."

"Nipe moja niishike."

"Haishikiki."

"Basi niambie inauzwa wapi."

"Haiuzwi. Duka limeikataa sasa hivi."

"Haishikiki, haiuziki," akasema msichana, sauti imelainika kidogo, maana alikuwa ameyaona macho yake. "Wewe basi ni fundi hewa. Pole, Fundi Hewa. Njoo ukae, nikuuzie pazia ulilie nyuma yake."

Hakununua pazia. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na chai yake ikaanza kunywewa upande ule wa barabara. Yeye akawa Fundi Hewa, na msichana, kwa haki kabisa, akawa Kipaza.

Ikaanza michezo ya simu. Kipaza alipiga bila sababu yoyote ya maana.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Nasikia tumbo linavyozungumza."

"Hilo ni gari la taka linapita, mpenzi."

"Umeniitaje?"

"Gari la taka."

"Kabla ya hapo, mjinga wewe."

Dada yake Fundi, msusi aliyefungua saluni chumba cha mbele na kumpa mdogo wake chumba cha nyuma, alikuwa akiwasikia kupitia ukuta huku anasuka. "Huyo ndugu yenu amepona," aliwaambia wateja. "Mwezi uliopita alikuwa akiongea na kompyuta."

Siku Kipaza alipompeleka Fundi nyumbani kwao, baba yake alikuwa ameketi sebuleni, mkono wa kulia umelala mapajani. Mzee huyo alikuwa mnadi. Maisha yake yote alisimama juu ya meza akinadi makabati, vitanda na masufuria ya watu, na kulikuwa na waliokuja mnadani bila nia ya kununua chochote, wamefuata sauti tu. Kisha kiharusi kikampiga. Akili kiliiacha palepale, mkono na ulimi kikaondoka navyo. Herufi nazo zilimchanganyikia, hata jina lake hakuweza kuliandika.

"Shikamoo, mzee," Fundi alisema kwa heshima zote.

Mzee alifungua kinywa. Ikatoka sauti iliyokatikakatika, si neno. Akageuza uso, akatazama ukuta mpaka Fundi akajisikia vibaya.

"Amenikataa," alinong'ona jikoni.

"Hajakukataa." Kipaza alikuwa anasuuza vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. "Ni hiyo shikamoo. Vijana wanamwamkia, hawezi kusema marahaba, wanaondoka wanafikiri anaringa. Alikuwa anakaa barazani kila jioni. Siku hizi hatoki. Baba yangu mimi, Fundi! Mtu aliyekuwa anasikika mtaa wa tatu, leo anaogopa salamu."

Fundi alirudi chumbani kwake na hakutoka siku nzima. Alipotoka alikuwa na wazo, nalo lilikuwa dogo la kumtosha mzee mmoja. Picha kubwa kwenye simu, kila picha na neno lake. Unabonyeza, simu inasema. Akaiita Nasema.

Sauti itoke wapi? Ya Mzee haikurekodiwa popote. Kipaza ndiye aliyekuwa mrithi, alijifunza kunadi akiwa amesimama kwenye kigoda pembeni ya baba yake. Wakajifungia stoo ya duka, katikati ya marobota ya mapazia mazito yaliyomeza kelele zote za barabara. Palikuwa na joto na harufu ya nguo mpya. Kipaza alivua viatu, akakaa juu ya robota, simu karibu na midomo yake.

"Sema 'marahaba'."

"Marahaba."

"Kama Mzee. Kama mtu anayefurahi kuamkiwa."

"Marahaba, mwanangu!"

"Hapo. Sema 'maji'. Sema 'naumwa'. Sema 'njoo karibu'. Sema 'nakupenda'."

"Hilo Baba atalitumia wapi?"

"Mzee hatalitumia. Mimi ndiye nalitaka."

Kipaza aliisogeza simu mbali na midomo yake. "Zima hiyo simu kwanza," alisema, na aliposema neno lenyewe halikurekodiwa, na kwa hiyo hakuna mwingine aliyelisikia ila Fundi na mapazia.

Mzee alipobonyeza picha ya kwanza na sauti ya binti yake ikasema marahaba, alishtuka, akabonyeza tena, na tena, mpaka wote wakawa wanamwamkia kwa zamu ili ajibu. Kisha akaanza kugonga meza kwa ngumi ya kushoto. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Fundi hakuelewa. Kipaza alielewa, akafunika uso akalia.

"Anataka nyundo yake, ile ya kufunga mnada," alisema.

Wakaweka picha ya nyundo. Ukiibonyeza mara ya kwanza ilisema, "Mara ya kwanza." Ukiibonyeza tena, "Mara ya pili." Ukiibonyeza ya tatu, Kipaza alipaza sauti yote aliyojaliwa: "Mara ya tatu. Imekwenda!" Mzee aliitumia kwa kila jambo. Akishiba, imekwenda. Mgeni akikaa sana, mara ya kwanza, mara ya pili, na mgeni mwenye akili aliaga. Jioni akarudi barazani kwake.

Palikuwa na tatizo moja tu. Simu ya Mzee, zawadi ya shangazi wa mji mwingine, ilikuwa ya aina isiyopokea kitu chochote kisichopitia Dukani. Kwa fundi ambaye kazi yake haijakubaliwa, Duka huruhusu toleo la majaribio tu. Toleo hilo huishi miezi mitatu, kisha hujifunga lenyewe, na fundi asipotuma jingine mwenye simu hubaki na picha iliyokufa. Fundi aliwaeleza yote haya mapema. "Nasema ikikubaliwa," alisema, "itakaa humo siku zote, na watu wengine nao wataipata."

Siku moja alijikaza, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mzee, akamwomba binti yake. Mzee alimtazama kwa jicho la mnadi anayepima kabati bovu. Akabonyeza nyundo. "Mara ya kwanza." Akabonyeza. "Mara ya pili." Kidole kikasimama hewani. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaionyesha simu, akaonyesha juu, mbali, huko wanakokaa wakaguzi.

"Anasema ya tatu utaipata Duka likikubali," Kipaza alitafsiri, naye anacheka. "Anataka mkwe ambaye kazi yake inashikika."

Ulikuwa utani. Lakini Fundi aliubeba kama kiapo, na tangu siku hiyo Duka halikuwa tena Duka, lilikuwa ndoa yake.

Barua ya kwanza ilisema Nasema ni picha na sauti tu, haina kazi ya kutosha kumfaa mtumiaji. Fundi aliisoma akaenda kuosha vyombo vyote vya dada yake, hata vilivyokuwa kabatini. Akaongeza kurasa, akaongeza picha za familia, akatuma tena. Barua ya pili ilisema ameandika kwamba programu inamrudishia mgonjwa sauti, basi alete ushahidi wa kitabibu. Alitamani kuwapelekea Mzee mwenyewe, na kiti chake. Akafagia saluni, akapanga vitana kwa ukubwa, akafuta sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, akatuma tena.

"Mdogo wangu," dada yake alimwambia, "mimi mwanamume akinikataa mara mbili, ya tatu sioshi vyombo. Nabadilisha njia."

"Hii haina njia nyingine, dada. Mlango ni huo mmoja."

Jumapili iliyofuata alialikwa kwa Kipaza. Dada yake alimpigia pasi shati jeupe mpaka kola ikasimama. Alipofika getini simu ikatetemeka, akaisoma palepale, mkono juu ya komeo. Wamekataa. Safari hii waliuliza lile la ushahidi upya, kana kwamba hakufuta kitu. Alisimama hapo muda mrefu kiasi cha jirani kumkaribisha kwake.

Ndani, Kipaza alivaa gauni la rangi ya dhahabu, kipande cha pazia la hoteli fulani, na hereni alizoazima. Mzee alikuwa amenyolewa ndevu. Simu ilikuwa mapajani mwake, na kidole cha kushoto tayari kilikuwa kinaelea juu ya nyundo.

"Enhe, mwenzangu? Wamesemaje?"

Fundi aliwatazama wote wawili. Hakuwa mtu muongo. Alikuwa mtu aliyechoka kuleta habari mbaya kwenye nyumba ile.

"Wamekubali," alisema.

"Mara ya tatu. Imekwenda!" ikapaza simu, na Kipaza akapiga vigelegele peke yake, na jirani ng'ambo ya ukuta akaitikia bila kujua kuna nini. Mzee alishika mkono wa Fundi kwa mkono wake mzima, akaukaza. Machozi yalimlengalenga. Fundi naye alilia, na wenyeji walidhani ni furaha.

Aliondoka akijiambia kwamba ni uongo wa siku chache. Wiki hiyo angewaeleza wakaguzi vizuri, wangekubali, na uongo ungegeuka ukweli bila mtu kuumia. Kweli aliwaeleza. Wakajibu haraka, na lile la ushahidi wakaliacha kabisa. Wakaomba kitu kimoja: sauti iliyomo ni ya mtu halisi, basi lete uthibitisho kwamba mwenye sauti ameridhia.

Dada yake aliposikia alipiga kofi la furaha. "Basi si umemaliza! Nenda kwa mwenye sauti akusainie."

Ni kitu cha dakika moja. Kipaza angesaini huku anakula. Lakini kumwomba ridhaa ya kuingia Dukani ni kumwambia kwamba Dukani hawakuwahi kuingia, na kwamba baba yake aligonga nyundo juu ya hewa. Kila alipoinua simu amwambie, alisikia vile vigelegele, akaiweka chini. Akajaribu kutoa sauti ya Kipaza, aweke ya mashine. "Ma-ra-ha-ba," ilisema kompyuta.

"Nani huyo?" dada yake aliuliza kutoka saluni. "Ana homa?"

Akairudisha ya Kipaza.

Na miezi mitatu haikumsubiri. Alijua toleo lililomo kwenye simu ya Mzee linakaribia kufa. Kutuma jingine ni kazi ndogo, ila lingemwandikia Kipaza waziwazi kwenye kioo: toleo la majaribio. Akapanga kwenda mwenyewe, alibadilishe kimyakimya Kipaza akiwa jikoni. Alikwenda, Kipaza hakubanduka ubavuni mwa baba yake. Akasema atakwenda tena siku yuko dukani.

Jioni moja Kipaza alipiga.

"Fundi, shangazi ameitafuta Nasema Dukani, amtilie jirani yake. Anasema haipo."

"Huko kwake... huchelewa kuonekana."

"Inachelewaje? Si Duka ni hilohilo moja?"

"Mpenzi, ni mambo ya kitaalamu."

"Haya," Kipaza alisema polepole. "Mambo ya kitaalamu."

Asubuhi iliyofuata simu iliita tena. Fundi aliliona jina, akajua amebanwa, akaifunika kifudifudi juu ya meza. Ikaita tena. Akaisogeza chini ya mto. Alitaka kwanza apate jibu la kuridhisha, kisha apokee. Akakaa anaandika kwenye kompyuta sentensi za kujitetea, akizifuta, akiziandika upya. Jua lilikuwa limeshapita utosini alipoitoa simu chini ya mto, na hata hapo hakuitoa kwa ajili ya Kipaza. Aliitoa kuangalia kama Duka limeandika.

Ujumbe ulikuwa wa Kipaza. "Baba amepigwa tena na kiharusi, tuko hospitali. Anabonyeza, haifunguki. Imeandika muda wa majaribio umekwisha. Majaribio gani, Fundi? Pokea simu. Kuna kitu anataka kusema. Pokea simu, nakuomba."

Akakosea nywila, akaiandika upya. Akatuma toleo jipya, na kazi yote hiyo ikachukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha akakimbia, bila viatu vya maana, malapa ya saluni miguuni.

Alimkuta Kipaza kwenye benchi la ukumbi wa wodi, bado amevaa lile gauni la kijani la kazini, upande mmoja wa mshono umeachia. Simu ya Mzee ilikuwa mapajani mwake. Nasema ilikuwa imefunguka. Picha zote zilikuwepo, maji, mto, njoo karibu, nyundo, zinang'aa, zimepangwa vizuri, zinasubiri kidole. Hakuhitaji kuuliza. Kitanda kilionekana kupitia mlango, na shuka lilikuwa limevutwa mpaka juu.

"Imefunguka sasa hivi," Kipaza alisema bila kumtazama. "Yeye ameondoka, yenyewe imefunguka."

"Kipaza..."

"Alibonyeza, akabonyeza. Nikamwambia subiri Baba, fundi anakuja, fundi wetu. Akanitazama. Akabonyeza tena. Nilimtajia kila neno, Fundi. Maji? Anatikisa kichwa. Unaumwa? Anatikisa. Nikaishiwa maneno mimi, mimi Kipaza." Sauti yake ilikuwa imekauka. Akageuka. "Nisikilize. Wewe ndiye uliyeitengeneza. Unaweza kuangalia humo ndani ukajua alikuwa anabonyeza nini?"

Hapo ndipo Fundi alipopewa nafasi yake. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kuitazama simu kidogo, akasema, alibonyeza 'nashukuru', alibonyeza 'nakupenda'. Kipaza angelia, angemwegemea, angeamini maisha yake yote. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, tamu, na lilifanana sana na lile la Jumapili ile.

"Siwezi," alisema. "Haikufunguka. Isipofunguka haihifadhi kitu. Hakuna ajuaye."

"Ungeweza kunidanganya."

"Najua."

"Leo ndiyo siku uliyoichagua kusema kweli." Kipaza alitikisa kichwa polepole. "Duka lilikubali?"

"Halikukubali. Halijawahi."

Kipaza aliishika simu ya baba yake kwa mikono miwili, akainama juu yake, na kilio kilichomtoka hakikuhitaji kipaza sauti. Fundi alinyoosha mkono. Akauacha hewani, akaurudisha.

Mazikoni alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, pamoja na wale waliozoea kuja mnadani kufuata sauti.

Miezi ilipita. Duka la mapazia likapata mwitaji mwingine, kijana mwenye sauti nyembamba, na Fundi akahamisha chai yake kwingine. Aliifuta Nasema kwenye kompyuta, akairudisha, akaifuta. Dada yake aliacha kumtania, na hilo lilimtisha kuliko kitu kingine.

Kisha mchana mmoja pazia la saluni likafunguka, akaingia Kipaza. Alivaa gauni jeusi la kawaida, halikufanana na dirisha lolote. Alikuwa amekonda. Dada mtu aliweka kitana chini, akamkumbatia, akawatoa wateja barazani kwa kisingizio cha joto.

"Karibu ukae," Fundi alisema.

"Sikai. Basi langu ni la alasiri, nahamia kwa shangazi." Akatoa bahasha. "Dada yako aliniambia wale watu wanataka nini. Ridhaa yangu. Nimesaini."

"Sikuja kukuomba kwa sababu..."

"Najua kwa nini hukuja."

"Naweza kuweka sauti ya mashine. Usijilazimishe."

"Mashine itamjibuje mtu marahaba?" Kwa mara ya kwanza alimtazama sawasawa. "Yule jirani wa shangazi, mama mtu mzima, naye amepigwa. Anageukia ukuta kama Baba. Mpe maneno, Fundi. Nyundo usiitoe."

"Sitaitoa."

Fundi alikuwa ameyapanga maneno yake kwa miezi, sasa halikuja hata moja kwa mpangilio.

"Na sisi je?" aliuliza. "Mzee aligonga ya tatu. Alinishika mkono."

"Aligonga kwa sababu ulimwambia uongo." Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Nimekulia mnadani mimi. Mali ikinunuliwa kwa udanganyifu, nyundo haihesabiki, kitu kinarudi kwa mwenyewe. Baba angekuwepo angeufuta mnada ule yeye mwenyewe, mbele ya watu."

"Basi tuanze upya. Mara ya kwanza, Kipaza. Nitasubiri ya pili hata miaka."

Machozi yalimjaa Kipaza, na akamgusa shavu kwa nyuma ya vidole, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa anachokipenda na asichoweza kukichukua.

"Nakupenda," alisema. "Usidhani sikupendi. Lakini kila simu yangu ikiita namuona anabonyeza. Na mwenye nyundo hayupo, Fundi. Nani ataigonga?"

Akaaga. Pazia la saluni likarudi mahali pake.

Duka lilikubali wiki ileile. Barua yao ilikuwa na adabu kama zote. Fundi aliisoma mara kadhaa akitafuta mahali walipokataa, hakupaona, akampigia Kipaza.

"Wamekubali," alisema, na akasikia neno lenyewe linavyosikika. "Kweli. Itafute uone."

Akasubiri. Kwenye laini palikuwa na kelele za mji mwingine, kisha vidole vikigonga kioo.

"Naiona," Kipaza alisema. "Ipo. Hongera, Fundi."

Hakuongeza lile jina la pili, Hewa. Kisha mmoja wao, Fundi hakukumbuka nani, akakata.

Ilikuwa zahanati, muda mrefu baadaye, na Fundi alikuwa amekwenda kwa ajili ya kikohozi tu. Foleni ilikuwa ndefu. Akapata nafasi kwenye benchi karibu na mzee mmoja na mkewe, na kwa mazoea, kabla hajakaa, akasema, "Shikamoo, mzee."

Yule mzee hakujibu. Aliinamisha kichwa, akahangaika mfukoni kwa mkono mmoja, akatoa simu, akatafuta kwa kidole kinachotetemeka.

"Marahaba, mwanangu!"

Fundi alishika ukingo wa benchi. Sauti ilikuwa karibu kiasi kwamba alinusa mapazia mapya.

"Msamehe, baba, anajibu kwa simu," mke wa mzee alieleza kwa fahari. "Siku hizi anaamkiwa na kila mtu, hataki kukaa ndani. Eti, nyie vijana mnajua haya mambo: hii sauti ni ya mtu kweli, au wanatengeneza?"

"Ni ya mtu, mama," Fundi alisema. "Mtu kweli kabisa."

"Mwanangu, mbona unalia?"

Mzee alimtazama kwa huruma, akarudi kwenye simu yake, akapitapita juu ya picha akitafuta kitu cha kumchekesha kijana wa watu. Akaiona nyundo. Kidole chake kikashuka mara moja, mara mbili, kikatulia, na Fundi akafumba macho kuisubiri ya tatu.